Maabara na Soko: Nasaha kwa Vijana Wetu wa Vyuo Vikuu



Hapa Uingereza, mtoto akisoma bayolojia wazazi twauliza: utakuwa daktari lini? Iko njia nyingine pia. Mwaka 1976 huko California, Profesa Herbert Boyer na kijana Robert Swanson walitoa dola 500 kila mmoja wakaanzisha Genentech. Boyer alijua jeni, Swanson alijua mtaji. Mwaka 1982 insulini ya binadamu, iliyotengenezwa kwa bakteria, iliidhinishwa Marekani. Kabla ya hapo wenye kisukari walitegemea kongosho za ng'ombe na nguruwe.

Basi kijana, ungali chuoni, keti na wanaosoma biashara na sheria. Uliza mapema uvumbuzi wako ni mali ya nani, yako au ya chuo. Tena hapa, ukiutangaza hadharani kabla ya kuombea hataza, haki yaweza kukupotea. Mdomo uliponza kichwa.

Nasi wazazi tusiwavunje moyo. Kisukari kimo majumbani mwetu, hapa na nyumbani. Wazee walituachia neno: Uhuru na Kazi. Vijana, kazi ndiyo hiyo.