Serikali Iliyoondolewa kwa Redio



Leo twaizungumza Kongo ya mwaka 1960. Serikali ya Patrice Lumumba haikuokotwa njiani. Tarehe 23 Juni Baraza la Wawakilishi liliikubali kwa kura 74, na viti vyote vilikuwa 137. Wingi mwembamba, lakini ni wingi. Siku saba baadaye Uhuru ukapatikana.

Hata miezi mitatu haikutimia. Jioni ya tarehe 5 Septemba Rais Kasavubu alitangaza katika redio kwamba amemwachisha kazi Waziri Mkuu. Sheria ya Msingi ilimruhusu, na mawaziri wawili walitia sahihi. Lumumba naye akaiendea redio, akamwachisha Rais! Kwa hilo sisi hatumsifu.

Wajumbe wakakutana. Tarehe 7 Baraza likafuta amri zote mbili. Kesho yake Seneti ikasimama na Lumumba, kura 41 kwa 2. Basi twauliza, ndugu zetu: nani aliwasikiliza? Tarehe 14 Kanali Mobutu alilisimamisha Bunge lenyewe. Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961.