Nchi Jirani: Mkulima Hana Siku ya Mapumziko



Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa Agosti, Jamhuri ya Zambia huadhimisha Siku ya Wakulima. Ofisi hufungwa na wafanyakazi wa mijini hupumzika. Lakini mkulima mwenyewe, ambaye siku hiyo ni yake, hapumziki. Agosti ni wakati wa kupukuchua mahindi, kuyajaza katika magunia ya kilo 50 na kutafuta usafiri wa kuyafikisha kituo cha kununulia. Ng'ombe naye hajui kalenda ya Serikali. Asubuhi hiyo hukamuliwa na kupelekwa majini kama asubuhi nyingine yoyote.

Askari hahitaji kufafanuliwa sana jambo hili. Naye hukesha lindoni usiku wa Idi na wa Krismasi, wakati wengine wanasherehekea. Hata hivyo, askari hupokewa zamu, hupata likizo yake ya mwaka, na ukame hauzuii mshahara wake. Mkulima mdogo hana wa kumpokea zamu.

Zambia ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili. Mahindi hupandwa mvua za kwanza zinyeshapo, na palizi huangukia Desemba na Januari. Hivyo Krismasi na Mwaka Mpya humkuta mkulima akiwa na jembe mkononi, kwa kuwa magugu hayangoji sikukuu ipite. Mvua zikikoma huvuna. Kisha huanza kuchimba mashimo ya kupandia ya msimu ujao katika ardhi iliyokauka, au humwagilia bustani za mabondeni kwa ndoo.

Adui wake naye hana mapumziko. Katika msimu wa 2016/17 viwavijeshi vamizi viliyashambulia mahindi ya Zambia. Mayai ya mdudu huyo huanguliwa kwa siku chache tu, na mkulima asiyekagua shamba kwa wiki moja aweza kukuta mahindi yametobolewa hadi moyoni. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Rais wa wakati huo, Edgar Lungu, aliliagiza Jeshi la Anga lisaidie kusafirisha dawa za kuwaua wadudu hao.

Mwaka 2024 likaja pigo kubwa zaidi. Tarehe 29 Februari Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Wilaya 84 kati ya 116 zilikuwa zimeathirika, na kiasi cha hekta milioni moja za mahindi, kati ya milioni 2.2 zilizopandwa, zilikuwa zimeharibika. Mavuno, yaliyozidi tani milioni 3.2 mwaka 2023, yakashuka hadi kama milioni 1.5. Zambia ikalazimika kutafuta nafaka nje, na Tanzania ikakubali kuiuzia tani 650,000 za mahindi.

Mwaka uliofuata wakulima wale wale walirudi mashambani. Mvua zikawa njema, na mavuno ya 2025 yakakadiriwa kuzidi tani milioni 3.6. Wahenga walisema, mchumia juani hulia kivulini. Lakini wengi wa wakulima hao, waliokwisha kuuza mahindi yao kwa wakala wa Serikali wa akiba ya chakula, walilalamika kucheleweshewa malipo, huku msimu mpya ukibisha hodi na mbolea ikihitaji fedha taslimu.

Vyombo vya ulinzi na usalama vina sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Desemba 1986 bei ya unga ilipopandishwa, ghasia zilizuka katika miji ya Ukanda wa Shaba, na watu wapatao 15 wakapoteza maisha kabla ya bei kurudishwa. Juni 1990 unga ulipopanda tena, ghasia ziliukumba mji wa Lusaka, na watu zaidi ya 20 wakafa. Mwisho wa mwezi huo lilifuata jaribio la kuipindua Serikali, ambalo halikufaulu. Askari waliotumwa mitaani walikabiliana na raia wenzao kwa ajili ya unga, nao wenyewe wana wake na watoto waliokula unga huo huo.

Kwa hiyo ulinzi wa nchi huanzia pia katika palizi ya Desemba. Kumshukuru mkulima kwa hotuba ya siku moja ni jambo jema, lakini halitoshi. Anahitaji kulipwa kwa wakati, kufikishiwa mbegu kabla ya mvua, na kulindiwa mifugo yake dhidi ya wezi. Na askari aliye kwenye kizuizi cha barabarani, lori la mahindi lifikapo mbele yake, akumbuke kwamba humo mna kazi ya mwaka mzima ya familia kadhaa. Alikague kwa mujibu wa sheria, asidai chochote, kisha aliruhusu lipite mapema.