Alama za Hospitali: Nani Anazihesabu?



Kila mwezi tunakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya serikali. Basi ni haki yetu kujua ni ipi iliyo salama katika zile hospitali ndogo za watu binafsi za Kitengela na Kajiado.

Wengine husema zipewe alama. Vema, lakini nani ahesabu? Huko Marekani, tangu Disemba 2008, nyumba za kutunzia wazee hupewa nyota, moja mpaka tano. Mwanzoni hesabu ya wauguzi iliandikwa na wenye nyumba wenyewe. Mwaka 2018 serikali ilipoitoa katika vitabu vya mishahara, nyumba zaidi ya elfu moja zilishushwa nyota.

Hapa Kenya, kuanzia 2016, katika Kakamega, Kilifi na Meru, wakaguzi wa serikali waliingia wenyewe katika hospitali na zahanati. Walitoa alama, wakaweka muda wa kutengeneza, wakarudi tena. Zisizo na leseni zilifungwa. Penye ukaguzi usalama wa wagonjwa uliongezeka, wala malipo hayakupanda.

Sisi wa reli twajua: breki hupimwa na fundi, si kwa kumwuliza mwenye mzigo. Tuwadai wajumbe wetu wa kaunti walete ukaguzi wa namna hiyo, na alama zibandikwe mlangoni. Nanyi ndugu wauguzi, mkiambiwa mtie sahihi zamu msiyoifanya, msitie. Chama kitasimama nanyi.