Je, Matatizo ya Mapigo ya Moyo Hurithiwa?

Mimi si daktari. Kazi yangu katika kaunti ni kupasha habari. Nitakayosema ni yale ambayo wataalamu wa moyo wamekubaliana, na mambo ya mgonjwa mmoja mmoja nawaachia wao.

Nianze na jambo ambalo tunalijua sote ila hatulisemi kwa sauti. Kijana mzima anaanguka uwanjani akicheza mpira na kufariki papo hapo. Kabla ya mazishi, matangani watu wameshaamua: amelishwa sumu, amerogwa, ni ile kesi ya shamba. Ndugu wanaacha kusalimiana. Hakuna anayekumbuka kuuliza kama mjomba wake naye alianguka vivyo hivyo miaka 20 iliyopita.

Moyo una misuli, una vali, na una stima yake pia. Kila pigo huanza na cheche ndogo sehemu ya juu ya moyo, kisha cheche hiyo hushuka kwa njia yake maalumu hadi chini. Ikichelewa, ikienda mbio au ikipotea njia, mapigo yanaharibika na damu haifiki kichwani. Ndipo mtu anazirai.

Je, hali hii hurithiwa? Nyingine ndiyo, nyingi hapana. Tatizo la mapigo ya mbio linaloonekana zaidi kwa watoto hutokana na njia ya ziada ya stima ambayo mtoto amezaliwa nayo, na kwa kawaida ndugu zake hawana. Halafu kuna moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo huanza na maumivu ya koo yasiyotibiwa. Hiyo utaikuta kwa watoto wawili wa nyumba moja, watu waseme ni damu ya ukoo, kumbe watoto wanalala chumba kimoja na kuambukizana koo. Dawa ya koo kwa wakati ingezuia.

Sasa zile zinazorithiwa. Mwaka 1957 madaktari wawili wa Norway, Anton Jervell na Fred Lange-Nielsen, waliandika habari za familia moja yenye watoto sita. Wanne walizaliwa viziwi na walikuwa wakizirai mara kwa mara. Watatu kati yao walifariki ghafla wakiwa wadogo. Wazazi wao walikuwa wazima kabisa. Baadaye ilifahamika kwamba kila mzazi alibeba hitilafu moja isiyomdhuru, na mtoto aliyepokea zote mbili ndiye aliyeugua.

Miaka michache baadaye, madaktari nchini Italia na Ireland walieleza aina nyingine isiyoleta uziwi. Hii inatosha kutoka kwa mzazi mmoja, na kila mtoto ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi. Ni kama kurusha shilingi: ukipata kichwa mara ya kwanza, ya pili haijali. Kwa hiyo usiseme mmoja ameshapatwa, wengine wamepona. Na mtu asinyooshee kidole upande wa mama peke yake, kwa sababu baba hupitisha vilevile.

Wapenzi wa kandanda wanamkumbuka Marc-Vivien Foé wa Cameroon, aliyeanguka uwanjani Lyon tarehe 26 Juni 2003 akiwa na miaka 28. Uchunguzi wa maiti ulionyesha misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa, ugonjwa ambao mara nyingi hupita katika familia na huvuruga stima ya moyo.

Mzazi aangalie nini? Mtoto akizirai asembli, amesimama juani bila kunywa chai, mara nyingi huko ni kuzirai kwa kawaida. Lakini akizirai katikati ya mbio, akiogelea, akishtuliwa na kelele au kengele, hilo si la kungojea. Wapo watoto wametibiwa kifafa kwa miaka wakati tatizo lilikuwa moyo, maana ubongo ukikosa damu mwili nao hutetemeka. Kama dawa za kifafa hazisaidii, omba moyo upimwe. Mtoto aliyezaliwa kiziwi na anazirai apimwe pia. Kwa mtoto mchanga, angalia anayeshindwa kunyonya, anayetoka jasho na kupumua haraka bila homa.

Na msiogope kila kitu. Ukimshika mtoto mkono usikie mapigo yanaongezeka akivuta pumzi na kupungua akiitoa, huo ni utoto tu.

Kipimo cha kwanza ni cha ECG: nyaya zinabandikwa kifuani, mikononi na miguuni, dakika chache, hakuna sindano. Wakati mwingine hurudiwa, kwa kuwa kimoja kinaweza kutoka sawa. Mtu mmoja akipatikana na tatizo la kurithi, wazazi, ndugu na watoto wake wote wapimwe, hata wasiohisi chochote. Wengi huishi vizuri kwa vidonge vya kila siku, baadhi vikiwa dawa za zamani kama propranolol. Wamwambie pia mwuza dawa, maana baadhi ya dawa za malaria na antibiotiki huongeza hatari kwa watu hawa.

Kabla ya kwenda, chukueni karatasi ya daftari. Andikeni babu, nyanya, wajomba, mashangazi na binamu: nani alifariki ghafla kabla ya miaka 40, nani alizama majini ilhali alijua kuogelea, nani huzirai. Najua kumuuliza nyanya habari za mtoto aliyemzika ni kazi ngumu. Mwendeni taratibu, na aulize yule anayempenda. Jisajilini SHA kwa *147# kama bado. Kisha anzeni hapa hapa Hospitali ya Mutuini, na daktari akiona haja atawaandikia barua ya kwenda kwa mtaalamu wa moyo. Karatasi ile mwonyesheni hata kama hajauliza.