Ningekuwa Meya: "Nge" Yetu Mbele ya Mtahini

(Mazungumzo na wenzetu wanaojitayarisha kwa mtihani wa Kiingereza, Uingereza)



Nakushukuruni kwa kufika na baridi hii. Waliotangulia wamezungumzia siasa za nyumbani. Langu mimi ni dogo, lakini limeshawazuilia watu wetu chuo na kazi: mtihani wa kuzungumza wa IELTS.

Mtihani huu ni wa dakika 11 mpaka 14, wewe na mtahini. Una sehemu tatu. Hiyo ya tatu, ya dakika 4 au 5, ndiyo inayotuangusha, kwani hapo huulizwi tena mtaa wako wala chakula ukipendacho. Unaulizwa fikra zako. Dada yetu mmoja anayetaka kazi ya uuguzi aliulizwa: angekuwa ndiye mkuu wa mji wake, angebadilisha nini? Akajibu, "I am not the leader." Akanyamaza.

Jamani! Dada huyo huyo muulize hapa angekuwa Rais angefanya nini, chai itapoa hajamaliza. Sisi sote ni marais wa barazani. Fikra tunazo.

Tatizo ni nge, na simkusudii yule mwenye mkia. Kiswahili kinaitia nge pande zote mbili: "Ningekuwa meya, ningejenga skuli." Basi tukenda kwenye Kiingereza nasi twatia would pande zote mbili: "If I would be mayor, I would build schools." Hapo ndipo tunapokosea. Upande wa if Kiingereza kinataka kitendo cha wakati uliopita, ingawa hatuzungumzii jana: "If I were mayor, I would build schools." "If I had money, I would go home." Would inabaki upande mmoja tu, wa matokeo.

La pili, tusichanganye ki na nge. "Nikiwa Rais nitafanya" ni maneno ya mgombea. "Ningekuwa Rais ningefanya" ni maneno ya mtu wa baraza. Hapa hakuna asiyeijua tofauti hiyo. Kiingereza nacho kinayo: "If I get the job, I will move" ni jambo unalolitarajia, "If I got the job, I would move" unaliona liko mbali.

La tatu, msihifadhi majibu. Sarufi ni kigezo kimoja katika vinne. Vyengine ni ufasaha, msamiati na matamshi, na vyote vina uzito sawa. Would moja haimpitishi mtu, na jibu la kukariri mtahini hulitambua. Jibu, toa sababu, kisha mfano: "If I were in charge, I'd start with the buses, because my mother waits an hour in the rain." Hapo umesema la kwako.

Jioni nyumbani ulizaneni kwa Kiswahili, "Ungekuwa waziri wa elimu, ungeanza na nini?" na mwenzio ajibu kwa Kiingereza.

Dada yule anarudi kufanya mtihani mwezi ujao. Fikra hajaongeza hata moja, kwani alikuwa nazo tokea mwanzo. Anachokifanyia mazoezi ni kutozimeza.

Wabillahi tawfiq.