Askari au Afisa: Maneno kwa Kijana Anayetaka Kazi ya Uokoaji

(Hotuba iliyotolewa Chiungutwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi ya uokoaji katika majeshi yetu, na hasa juu ya swali ambalo baadhi yenu mmelileta kwa maandishi: kijana aanze kama askari wa kawaida, au asubiri mpaka apate njia ya uafisa? Mimi si mwanajeshi. Ni mtumishi wa serikali, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa majalada ya ajira. Lakini swali hili niliwahi kulijibu vibaya, na aliyelipa gharama ya jibu langu si mimi.

Nianze na kisima. Nilipokuwa kidato cha pili, mchimbaji mmoja alizirai chini ya kisima kijijini. Vijana wawili walivua mashati tayari kushuka. Mzee mmoja akawazuia. Akaagiza koroboi iwashwe, akaiteremsha kwa kamba. Ilipokaribia chini ikazimika. Hewa ya mle ilikuwa mbaya, na ambaye angeshuka angelala pale pale. Mzee akaamuru matawi ya mwembe yafungwe kamba, yashushwe na kupandishwa haraka haraka ili hewa ichanganyike. Koroboi ya pili ikafika chini inawaka. Ndipo kijana mmoja akafungwa kamba kifuani, akashuka, akapanda na yule mchimbaji akiwa hai.

Sisi wanafunzi tulibishana bwenini usiku kucha: nani aliyemwokoa, mzee au kijana? Leo nasema kila mmoja alifanya kazi ambayo mwenzake asingeweza kuifanya kwa wakati ule. Na hiyo ndiyo tofauti ya askari na afisa.

Sasa tutazame utaratibu. Katika Jeshi la Wananchi, askari huanza na cheo cha Private, hupanda kuwa Koplo na Sajini, na anaweza kufika hadi Afisa Mteule. Wanaochaguliwa kwa uafisa hupelekwa chuo cha Monduli, na wakitunukiwa kamisheni huanza na Luteni Usu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambalo sheria yake ni ya mwaka 2007, lina ngazi zake: Konstebo, Koplo, Sajini, kisha maafisa kuanzia Mkaguzi Msaidizi na kuendelea. Wala msidhani kwamba shahada ya Chuo Kikuu peke yake ni nyota begani. Wapo wenye shahada walioajiriwa wakaanza na cheo cha Konstebo, sawasawa na wa kidato cha nne.

Mtakumbuka kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Watu 228 walipoteza maisha. Siku mbili baadaye wapiga mbizi walimtoa fundi wa mitambo akiwa hai ndani ya kivuko kile. Baadaye kikaja kazi nyingine, ya kukiinua kivuko chenyewe, nayo ilisimamiwa na Jenerali Venance Mabeyo, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi wakati huo. Jenerali hakuzama majini, na mpiga mbizi hakupanga mitambo ya kuvuta kivuko. Pasingekuwa na mmoja wao, kazi ingebaki nusu.

Na tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka katika Ziwa Victoria pale Bukoba, mvuvi kijana, Majaliwa Jackson, alifika na mtumbwi wake akasaidia katika uokoaji. Waliokuwamo walikuwa 43, na 24 kati yao waliokoka. Hakuwa na cheo chochote. Serikali ikaelekeza aingizwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Sasa niseme kosa langu. Mnajua kwetu huku neno la mjomba lina uzito gani. Mpwa wangu alimaliza kidato cha sita, akaitwa katika jeshi moja kwa ngazi ya chini kabisa. Alikuja kwangu kwa adabu, akauliza: "Mjomba, niende?" Nikamwambia mtoto wa dada yangu, aliyefaulu vile, hawezi kuburuta mpira wa maji huku waliofeli wakimpa amri. Asubiri uafisa. Akatii. Akasubiri mwaka wa kwanza, akasubiri wa pili. Tangazo tulilolingojea lilipotoka, umri wake ulikuwa umepita.

Leo anaendesha pikipiki ya abiria Masasi mjini, na ni kazi ya halali. Mwenzake waliyeitwa pamoja alikwenda, na sasa ana utepe mkononi. Mpwa wangu hajawahi kunilaumu. Ila usiku mmoja lori lilipinduka mbele yake barabarani, dereva akabanwa ndani. Alinipigia simu baadaye. Hakusema mengi. Alisema: "Mjomba, hata kamba sikuwa nayo." Ndipo nilipoelewa kwamba siku ile nililinda heshima yangu, si maisha yake.

Kwa hiyo, vijana, nawaachia mambo matatu.

Kwanza, jiulizeni mnataka kazi ipi, si cheo kipi. Mwenye hamu ya kupiga mbizi, kuendesha gari la zimamoto au kumfunga majeruhi bendeji, uaskari ndiyo kazi yenyewe. Afisa hukaa mdomoni mwa kisima. Huzuia watu wanaotaka kushuka, na wakifa walioshuka kwa amri yake, yeye ndiye anayejibu. Anayeuweza mzigo huo auombe bila kuona haya.

Pili, someni tangazo lenyewe, wala msitegemee maneno ya mitaani. Masharti ya umri, elimu na mafunzo ya JKT hubadilika kutoka tangazo moja hadi jingine, na umri ukipita hakuna barua itakayourudisha. Atakayewaambia nafasi inanunuliwa ni tapeli.

Tatu, mlango haufungwi. Askari mwenye sifa anaweza kuchaguliwa kwenda kozi ya uafisa. Akifika huko, amri zake zitatoka kwa mtu anayejua kamba inavyokata kiganja. Aliyeitwa leo aende. Mwenye sifa na umri bado unamruhusu aombe uafisa, lakini asikatae kilichopo mkononi kwa sababu ya kilichomo ndotoni.

Na kwenu wajomba wenzangu: mtoto akija kuuliza, tumwulize kwanza yeye anataka nini. Mdogo wake yule mpwa wangu yuko kidato cha nne, naye anaitaka kazi hiyo hiyo. Wiki iliyopita aliniuliza swali lile lile. Safari hii nilinyamaza, nikamwacha aseme.