Tumbili na Elimu ya Kupambanua



Jioni hii napenda kusema nanyi juu ya kazi ambayo kila mmoja wetu huifanya tangu kuamka hata kulala, wala hatambui kuwa ni kazi: kupanga vitu kwa jamii zake. Huyu ni mbuzi, yule ni fisi. Hili ni tunda, ile ni sumu. Je, ni mwanadamu peke yake aliyejaliwa akili hiyo?

Na twende Amboseli, katika nchi ya Kenya, karibu na mlima Kilimanjaro. Huko tumbili wana vilio mbalimbali vya kuonyana. Akionekana chui, hulia kilio kimoja, na wote hukimbilia mitini. Akionekana tai, kilio ni kingine. Hutazama juu na kujitupa vichakani. Kwa chatu, husimama kwa miguu ya nyuma wakichungua majani. Wataalamu watatu, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler, walizinasa sauti hizo, kisha wakazipiga kwa chombo kilichofichwa, pasipo adui yeyote. Tumbili wakafanya vile vile. Habari hizo zilipigwa chapa mwaka 1980.

La ajabu zaidi ni watoto wao. Mtoto wa tumbili hutoa kilio cha tai hata kwa ndege asiyedhuru, na pengine kwa jani lidondokalo. Walakini hakosi kabisa: kilio hicho hukitoa aghalabu kwa vitu vya angani, si kwa wanyama wa ardhini. Akikua, ndipo hujifunza kukiweka kwa tai mwenyewe.

Sababu yake ni nini? Amkimbiaye tai kumbe ni jani, amepoteza pumzi tu. Amdhaniaye tai kuwa jani, amepoteza roho, wala haachi kizazi. Wazee husema, "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka." Lakini hapa hushtuka hata asiyeumwa, kwa kuwa ni mzao wa wale walioshtuka upesi.

Urithi huo tunao sisi pia. Porini uliwaokoa wahenga wetu, sokoni na barazani hutuponza, tunapomtupia mgeni jicho moja na kusema, "Watu wa namna hii nawajua." Mtoto wa tumbili hujifunza hata akamtambua tai halisi. Itakuwa aibu iliyoje kwetu, tukizeeka nasi hatujajifunza kumtambua mtu!